Kuitazama Tena "Psycho" ya Pili

Wako watu wasemao kwamba picha ya pili haiwezi kuwa nzuri. Hoja yao si mbaya. Picha ya sinema ikipata fedha nyingi, wenye kampuni hawakawii kutengeneza nyingine yenye jina lile lile na namba mwishoni mwake, na aghalabu kitu kinachobaki humo ni hilo jina na hiyo namba tu. Jambo hili laonekana zaidi katika zile picha za kutisha ambazo mimi huziita picha za kisu, yaani zile ambazo muuaji mmoja, mara nyingi mwenye kuficha sura yake, huwaua watu mmoja mmoja kwa silaha yenye makali mpaka abaki mmoja wa kusimulia.

Katika somo hili nimechagua picha moja ya pili ya aina hiyo. Nimeitazama tena mwaka huu kwa utulivu, na nataka kuwaonyesha wasomaji mahali iliposimama imara na mahali ilipolegea. Jina lake ni Psycho II, nayo ilitoka Marekani mwezi wa Juni 1983. Nitakieleza kisa chote pamoja na mwisho wake, kwa sababu haiwezekani kuupima ujenzi wa nyumba kwa kuangalia mlango wa mbele tu; kwa hiyo apendaye kushtushwa na aitazame kwanza, kisha arudi hapa. Wazazi nao wajue kwamba huko Marekani picha hii ilipewa alama ya R, maana yake mtoto aliye chini ya miaka 17 asiingie kuitazama ila akifuatana na mzazi au mlezi. Nakubaliana na alama hiyo. Somo hili ni la vidato vya juu.

Huwezi kuipima ya pili bila kuijua ya kwanza. Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyehamia Hollywood, aliitoa Psycho mwaka 1960. Aliichota katika hadithi ya Robert Bloch iliyochapishwa mwaka uliotangulia, na Bloch naye alikuwa amechochewa na habari za kweli za mtu mmoja wa mji mdogo wa Plainfield, jimbo la Wisconsin, Ed Gein, aliyekamatwa mwaka 1957. Fedha zilizotumika zilikuwa kidogo kwa mtu mwenye sifa kama Hitchcock, yapata dola 800,000. Mafundi wake wengi walikuwa wale wa vipindi vyake vya televisheni. Na picha ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe.

Kisa chaanza na karani mwanamke, Marion Crane, aliyekabidhiwa dola 40,000 azipeleke benki, naye akatoroka nazo. Usiku, mvua ikinyesha, aingia katika moteli, yaani nyumba ya kulala wageni kando ya barabara kuu, yenye vyumba 12 na vyote vitupu. Mwenyeji wake ni kijana mwembamba, mpole, mwenye haya, aitwaye Norman Bates, ambaye asema kwamba akaa na mama yake katika nyumba kubwa iliyo juu ya kilima. Marion aamua kuzirudisha zile fedha. Aingia bafuni kuoga, na humo bafuni achomwa kisu na mtu mwenye mavazi ya kizee. Watazamaji wa mwaka 1960 walipigwa na bumbuazi, maana yule waliyemdhania kuwa ndiye nguzo ya kisa alikuwa amekufa kabla kisa hakijafika nusu. Mwisho, dada yake Marion, jina lake Lila, ndiye aliyeigundua siri: mama alikuwa maiti kwa miaka mingi, na Norman, aliyemwua yeye mwenyewe kwa sumu, ndiye aliyekuwa akivaa nguo zake, akisema kwa sauti yake, na kuua.

Tendo lile la bafuni lilichukua siku 7 kupigwa, na katika picha halifiki dakika moja. Mtu akitazama kwa makini ataona kwamba kisu karibu hakionekani kikiingia mwilini. Vipande vya filamu vilivyokatwa vifupi vifupi, pamoja na vinanda vya nyuzi vya Bernard Herrmann vipigavyo kelele kama ndege waliotiwa hofu, ndivyo vimfanyavyo mtazamaji aape kwamba ameona. Kumbukeni jambo hili, tutalirudia.

Picha za kisu kama tuzijuavyo zilikuja baadaye. Mwaka 1978 John Carpenter alitoa Halloween, akifuata njia ya Hitchcock waziwazi: daktari wa kisa chake alimpa jina la Loomis, lililokuwa jina la mchumba wa Marion, na msichana mkuu alichezwa na Jamie Lee Curtis, binti ya Janet Leigh aliyeuawa katika ile bafu ya mwaka 1960. Halloween ilitengenezwa kwa fedha kidogo ikaleta fedha nyingi mno. Mwaka 1980 ikafuata Friday the 13th, na mwaka 1981 zote mbili zikazaa picha za pili. Tangu hapo yalikuwa mashindano ya kuona nani atazidisha maiti na kubuni namna mpya ya kifo. Kwa hiyo Norman Bates aliporudi mwaka 1983, alikuwa kama babu arudiye kutoka safari ndefu akawakuta wajukuu wameitawala sebule yake, nao wana kelele.

Hitchcock alikuwa amefariki mwaka 1980. Wengi waliona ni utovu wa adabu mtu mwingine kuigusa kazi yake, na mwongozaji aliyeikubali kazi hiyo alikuwa Richard Franklin, Mwaustralia ambaye hakuwa na umri wa miaka 40. Lakini Franklin hakuokotwa njiani. Alisomea sinema katika Chuo Kikuu cha Southern California, alikuwa mwanafunzi wa kazi za Hitchcock tangu ujana wake, na mwaka 1981 alikuwa ametoa Roadgames, picha ambayo mtu yeyote ajuaye Hitchcock hutambua ni kwa nani alijifunza. Mwandishi wake, Tom Holland, alibuni kisa kipya kabisa. Bloch mwenyewe alikuwa ameandika kitabu cha pili kilichotoka mwaka 1982, lakini picha haikukifuata. Mpiga picha alikuwa Dean Cundey, aliyeipiga Halloween. Mtayarishaji, Hilton Green, alikuwa msaidizi wa Hitchcock katika picha ya kwanza. Vera Miles alirudi kuwa Lila. Na zaidi ya wote alirudi Anthony Perkins, aliyekuwa na miaka 28 picha ya kwanza ilipotoka, na sasa alikuwa na 51.

Basi tukiangalie kisa. Norman amekaa miaka 22 katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Madaktari wasema amepona, na mahakama yamwachilia. Lila, ambaye sasa ni mjane wa yule Loomis, asimama mahakamani akiwa na karatasi yenye sahihi za mamia ya watu wasiotaka aachiliwe. Jaji hakubali. Daktari wake, jina lake Raymond, amrudisha Norman nyumbani kwake, katika nyumba ile ile ya kilimani, na amtafutia kazi ya usaidizi jikoni katika mkahawa ulio karibu. Humo mkahawani yumo mama mmoja mzee, Bibi Spool, mwenye maneno ya huruma; na yumo msichana mwandazi, Mary, ambaye amefukuzwa na mchumba wake na hana pa kulala. Norman amkaribisha kwake. Akienda kuiangalia moteli, akuta msimamizi aliyewekwa wakati yeye hayupo ameigeuza kuwa mahali pa ufisadi, naye amfukuza.

Halafu mambo yaanza. Simu yalia, na sauti yasema kuwa ni mama. Karatasi zenye maneno ya mama zaonekana mkahawani. Mtu mwenye nguo nyeusi aonekana katika dirisha la juu. Yule msimamizi aliyefukuzwa auawa, kisha kijana mmoja aliyeingia chini ya nyumba kwa siri na msichana wake auawa pia. Je, Norman amerudi kuwa kama zamani? Mtazamaji hajui, na lililo zuri zaidi, Norman mwenyewe hajui. Amuuliza daktari, amuuliza Mary, ajiuliza. Katika picha za kisu za miaka ile, ni nadra kumwona mtu aogopaye kwamba muuaji ni yeye mwenyewe.

Nusu ya kisa ikiisha kupita, twaambiwa siri moja. Mary ni binti ya Lila. Simu, barua, na nguo dirishani ni kazi ya mama na mwana, ambao wamekula njama ya kumrudisha Norman katika wazimu ili arudishwe hospitali. Lakini Mary amekaa naye nyumba moja, amekula naye, amemwona akitetemeka, na moyo wake umegeuka. Ataka kuacha. Lila hataki.

Hapa lazima nitoke kidogo nje ya sinema, maana bila hili picha haieleweki vizuri. Mwezi wa Machi 1981 kijana mmoja, John Hinckley, alimpiga risasi Rais Ronald Reagan. Mwezi wa Juni 1982 mahakama iliamua kwamba hana hatia kwa sababu ya wazimu, akapelekwa hospitali badala ya gereza. Marekani ilichafuka kwa hasira, na mwaka 1984 Bunge lao likabadili sheria ili utetezi wa wazimu uwe mgumu zaidi. Wakati huo huo hospitali kubwa za majimbo za wagonjwa wa akili, zilizokuwa na wagonjwa yapata 559,000 mwaka 1955, zilikuwa zimefungua milango yake. Kufikia mwaka 1980 waliobaki humo walikuwa chini ya 150,000, na wengi wa waliotoka walirudi katika miji isiyojua jinsi ya kuwapokea. Psycho II ilitoka katikati ya mambo hayo. Kwa hiyo Lila aliposimama mahakamani na karatasi yake, watu waliokuwa wamekaa gizani na tiketi zao walikuwa wamesikia maneno kama yake katika habari za jioni. (Ed Gein wa kweli alikuwa bado yumo katika hospitali wakati huo. Alifia huko mwaka 1984.)

Huu ndio uti wa mgongo wa picha hii, nayo ndiyo sababu ninaiweka juu ya dada zake wa mwaka 1981. Swali lake si nani atakufa baadaye. Swali lake ni kama mtu aliyetenda ubaya mkubwa, akatibiwa, akamaliza muda wake, aweza kuruhusiwa na majirani zake kuwa mtu mwingine. Na Franklin hakumfanya Lila kuwa shetani. Dada yake aliuawa akioga. Karatasi ya mahakama yasema muuaji amepona, lakini hakuna karatasi iwezayo kumrudisha Marion. Ukimsikiliza Lila peke yake, utamwona ana haki. Ukimtazama Norman akipiga hatua ya kwanza kuingia katika nyumba ile, mkono umeshika mkoba, macho yakiangalia ngazi, utaona naye ana haki. Picha nyingi za kutisha humpa mtazamaji upande mmoja wa kukaa. Hii yampa mbili, na zote mbili hazikaliki kwa raha.

Tena liko neno jingine ambalo sikulifikiri sana nilipokuwa kijana, nalo lanihusu mimi na kila aliyelipa tiketi. Picha yaanza kwa kuturudishia lile tendo la bafuni la mwaka 1960, karibu kama lilivyokuwa. Kisha twaona nyumba ya kilimani ikiwa nyeusi na nyeupe, na polepole rangi yaingia, mapambazuko. Baadaye Mary aingia kuoga. Kamera yaangalia kama ilivyomwangalia Marion. Tobo la ukutani laonyesha jicho. Nasi twangoja kisu. Hakiji. Msichana aoga, ajifuta, atoka. Sasa jiulize ulikuwa ukingoja nini, na kama kisu kisipokuja uliona raha au uliona umepunjwa. Lila ataka Norman ashike kisu ili mahakama imwone. Sisi tunataka ashike kisu kwa kuwa ndicho tulichokuja kukitazama. Tofauti yetu na Lila ni ndogo kuliko tupendavyo. Kumbukumbu yetu ya picha ya kwanza ndiyo minyororo ambayo mtu huyu afungwa nayo. Hatukubali awe mpishi msaidizi mwenye kukata saladi. Picha ya pili iitumiayo jina la ya kwanza kwa namna hii imelipa kodi ya jina hilo.

Uchezaji wa Perkins ndio ushikao yote pamoja. Mtu mwingine angalimfanya Norman mwenye macho makali na kicheko cha pembeni. Perkins amfanya mtu aliyefunzwa hospitalini kusema kwa adabu na kutembea bila kugusa kitu, kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Usiku mmoja, akiwa amechoka na kuogopa, Mary amshika na kumtuliza, naye Norman amweleza kwamba ana harufu ya mkate wa kuokwa wenye jibini, kama ule aliokuwa akiletewa na mama yake alipokuwa mtoto mwenye homa. Asema hayo kama mtu aliyetafuta katika sanduku lililoungua akapata kitu kimoja kisichoungua. Hakuna damu katika tendo hilo, hakuna mbio, na ndilo tendo lililonitisha kuliko yote, kwa kuwa tangu hapo nilianza kuogopa kwa ajili yake na si kumwogopa yeye. Meg Tilly, achezaye Mary, amjibu kwa utulivu mwingi. Na Jerry Goldsmith, aliyetunga muziki, hakujaribu kushindana na vile vinanda vya Herrmann. Alitunga wimbo wa piano wa polepole, wenye majonzi, ambao ungefaa picha ya mtoto aliyepotea. Uamuzi huo wa muziki wanifanya nimheshimu.

Sasa tuje kwenye ulegevu, maana sitaki kuficha. Mwaka 1983 soko lilidai damu, na Franklin aliilipa ada hiyo. Nilisema tukumbuke jinsi Hitchcock alivyokificha kisu. Katika picha hii Lila auawa chini ya nyumba, na kisu chapita kinywani mwake hadharani. Ni kazi ya mafundi wa sanamu za mpira, nayo imezeeka kama mpira unavyozeeka: siku zile watu walipiga kelele, leo mwanafunzi wa kidato cha tano ataitazama na kuuliza ilitengenezwaje. Tendo la bafuni la mwaka 1960 halijazeeka hivyo, kwa kuwa lilitengenezwa kichwani mwa mtazamaji, na humo hakuna mpira. Yule kijana na msichana wake wanaoingia chini ya nyumba kufanya mambo yao nao wameazimwa kutoka Friday the 13th. Hawana kazi katika kisa ila kufa. Nakubali kwamba kifo cha kijana chasaidia jambo moja, kwani wakati huo Norman alikuwa amefungiwa darini na Mary apata kujua kwamba si yeye aliyeua. Lakini wangeweza kupata njia nyingine.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, li katika mwisho. Mambo yaenda mbio: Mary avaa nguo za mama akijaribu kumwamsha Norman kutoka katika simu asemayo na mtu asiyekuwako, Daktari Raymond amkamata kwa nyuma, naye kwa hofu amchoma kisu na kumwua bila kukusudia, huko chini makaa yaporomoka na maiti ya Lila yaonekana, Mary adhani Norman ndiye aliyemwua mama yake, ainua kisu, na askari waingiao wakati huo wampiga risasi. Polisi waandika kwamba muuaji alikuwa Mary, na jalada lafungwa. Hapa picha ingeisha, ingeisha kwa uchungu ulio halali: wale waliotaka kumrudisha Norman kuzimu wamekwenda wenyewe, na yeye amebaki mzima lakini peke yake, na mtu mmoja aliyemhurumia amekufa kwa sababu hakuweza kumwamini mpaka mwisho.

Lakini haiishi. Bibi Spool wa mkahawani aja kumtembelea usiku, aketi mezani, na asema kwamba yeye ndiye mama yake mzazi, kwamba yule aliyemlea alikuwa dada yake, na kwamba yeye ndiye aliyewaua wote waliotaka kumdhuru mwanawe. Hakika mwandishi alimweka Spool tangu mwanzo, hakumtoa hewani. Na ukiitazama mara ya pili utaona jinsi amtazamavyo Norman. Hata hivyo jibu hili lafifisha swali. Kwa muda wa saa moja na nusu tumeulizwa kama mji waweza kumfanya mtu kuwa mwovu. Sasa twaambiwa: kulikuwa na mwendawazimu mwingine. Tena laitikisa nyumba ya kwanza, kwa kuwa mama wa mwaka 1960, aliyekuwa mzizi wa yote, aambiwa leo kwamba hakuwa mama. Wenye kazi nao waliona ubovu huo, kwa sababu Psycho III ya mwaka 1986, ambayo Perkins aliiongoza mwenyewe, ilitumia muda wake kulitengua dai la Spool.

Na bado, baada ya kulaumu hayo yote, lazima niseme kwamba tendo lenyewe lifuatalo limepigwa vizuri kiasi cha kuniudhi. Norman amsikiliza yule bibi kwa adabu ile ile. Asimama nyuma yake, na ampiga kichwani kwa sepetu ya makaa, pigo moja. Ambeba ngazini. Sauti ya mama yasikika juu, yakemea, yapanga sheria. Kisha Norman asimama nje usiku chini ya nyumba ya kilimani, mtu mwembamba mweusi mbele ya mawingu, moteli ikiwa wazi kwa wageni. Mji umempata Norman uliomtaka. Picha hiyo ya mwisho imebandikwa katika matangazo mengi tangu siku hiyo, na yastahili.

Jambo moja nawaomba wanafunzi wasilichukue humo kama elimu. Ugonjwa wa Norman ni wa hadithi. Madaktari hawana ugonjwa unaomfanya mtu avae nguo za mama yake aliyekufa na kuua kwa ratiba, na wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu. Wengi wao huteswa na wengine kuliko wanavyotesa. Picha ya kwanza ilifanya dhambi katika jambo hili kwa kumleta daktari dakika za mwisho aeleze yote kama mwalimu wa hesabu. Ya pili, pamoja na makosa yake, ilikuwa na huruma zaidi, na huenda ndiyo sababu watu wengi walioiendea kwa dharau walitoka kimya. Iligharimu dola milioni 5 hivi, ikaleta zaidi ya milioni 30 katika Marekani peke yake.

Kwa wale watakaopata ruhusa ya wazazi wao, napendekeza watazame zote mbili, usiku mmoja ya kwanza na usiku wa pili ya pili, wala wasichanganye. Na waangalie ulimi wa Perkins. Mwaka 1960 Norman amwonyesha Marion chumba chake, kitanda, dirisha, karatasi za barua, na akifika mlango wa mwisho hawezi kutamka neno bafu. Marion mwenyewe amsaidia kulisema. Mwaka 1983 Norman yumo jikoni usiku wa kwanza, ataka kumtengenezea Mary kitu cha kula, na neno limkwamalo kinywani ni lile la vyombo vya kukatia. Miaka 22 ya matibabu imempa bafu. Kisu hakijampa bado. Tazameni mkono wake unavyokaa juu ya droo, na jinsi Mary, ambaye wakati huo alikuwa bado katika njama ya mama yake, anavyomtazama akiungoja.